Mpaka wa Nyuma Afike

Baba yangu alimwacha mama mkwe wake stesheni ya Kaliua kwa sababu ya adabu. Wengine huwaacha wakwe zao kwa ugomvi, au kwa ulevi, au kwa kusahau tu. Baba alimwacha wake kwa heshima tupu, bendera ya kijani mkononi na filimbi mdomoni. Na kesho yake ilikuwa harusi yangu.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nikianzia hapo nitapandwa na hasira upya, na mimi hasira zangu ziko karibu.

Baba alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na kuamua treni iondoke lini. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa ya Jumapili: alikuwa mwalimu wa bendi ya tarumbeta ya kanisa letu pale Tabora. Sisi Wamoraviani bila tarumbeta hatuoi wala hatuziki, na Pasaka hatusadiki kwamba Bwana amefufuka mpaka tumempulizia alfajiri makaburini. Kwa baba, kazi zile mbili zilikuwa moja. Treni ina ratiba, wimbo una nota, na mtu mwenye akili timamu hufuata kilichoandikwa.

"Treni haina nakshi," alikuwa akituambia, akigonga stendi ya karatasi kwa kalamu yake nyekundu. "Dereva akitia nakshi, watu wanakufa."

Nilimuuliza mara moja ni nani hasa atakayekufa kwa nakshi ya tarumbeta. Nikapewa vyombo vya bendi nzima nivisugue kwa majivu na malimau, kuanzia tarumbeta ndogo mpaka lile dude la besi ambalo ukiingiza mkono vibaya unatoka bila bangili.

Utaniuliza msichana aliingiaje kwenye bendi ya wanaume. Ujamaa, mwenzangu! Mpiga tarumbeta wetu wa pili alihamia kijiji kipya upande wa Usoke kulima tumbaku, akaacha pengo. Mimi nyimbo zote nilikuwa nazijua, kwa sababu kila nilipomaliza kusugua tarumbeta nilikuwa naijaribu kama imetakata. Baba akasimama mbele ya wanaume wake akasema kwamba kama nchi imekataa ubaguzi, basi na shaba imekataa. Mzee wa besi akanung'unika kwamba mwanamke akipuliza shaba hatazaa. Nimezaa mpaka nikachoka, na yeye mwenyewe amenibebea wawili ubatizoni.

Basi nikaingia, na vita vyangu na baba vikaanza. Nota nilizisoma vizuri, tena kuliko wale wanaume, ambao wengine walishika karatasi kwa heshima tu huku wakipiga kwa kukariri. Shida ilikuwa mwisho wa mstari. Pale sauti inapotua ikingoja mstari unaofuata, vidole vyangu havikutulia. Viliongeza kitu. Kidogo tu! Kapindo hapa, kangazi pale, kama mtu anayetia chumvi ya pili mpishi akiwa amegeuka. Sikukuu moja ya taifa tulipiga wimbo wa gwaride mbele ya wageni wa chama, nami nikaongeza kipande kizima ambacho hakikuandikwa popote duniani. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba akaendelea kuongoza, lakini shingo yake niliiona imekakamaa kama kamba ya kuvutia ng'ombe.

"Umepiga nini?" aliniuliza tulipofika nyumbani.

"Nimepamba tu, baba."

"Nani kakuomba pambo?"

"Wimbo wenyewe."

"Wimbo unaongea kwa nota. Hizo zako ni porojo."

Nikaenda kutafuta malimau bila kungoja kuambiwa.

Sasa, katika karatasi zile kulikuwa na alama moja ambayo baba aliichukia. Ni kinusu-duara kilichofunika nukta, na kwa kuwa kilifanana na jicho linalochungulia, sisi tulikiita jicho. Likikaa juu ya nota, maana yake ishikilie nota hiyo, usiiachie mpaka kiongozi afunge mkono. Kwa muda gani? Kadiri kiongozi apendavyo. Hapo ndipo baba aliposhindwa. "Kadiri apendavyo" si lugha ya reli. Treni haisimami Usoke kadiri ipendavyo. Kwa hiyo akachukua kalamu yake nyekundu, na juu ya kila jicho, katika kila karatasi ya kila mpigaji, akaandika: 4. Mapigo manne. Harusi manne, msiba manne, Pasaka manne. Hata Bwana Yesu mwenyewe, nilikuwa nikiwaza, atangojwa mapigo manne.

Nakshi zangu hazikutoka hewani. Mama yangu alifariki nikiwa bado sijui kujifunga kanga, na aliyenilea ni mama yake, Bibi, huko Kaliua, mpaka nilipofika umri wa shule baba akanichukua. Baba yake Bibi, enzi za safari za miguu, alikuwa kirangozi, yaani yule anayetangulia msafara wa wapagazi kwenda pwani na kurudi. Alimwachia binti yake mwito mmoja tu, na huo mwito ndio ulionilea. Tulipokuwa tukitoka porini na kuni, Bibi mbele, mimi nyuma na vijiti vyangu, alikuwa akiita bila kugeuka:

"Nyuma mpooo?"

Nami najibu: "Tupo, twaja!"

Nikiwa karibu, ile "mpo" ilikuwa fupi. Nikibaki nyuma kuchuma matunda ya furu, Bibi aliivuta. Aliipandisha, akaishusha, akaikunja, akaniingizia humo masimango kuhusu uvivu wa ukoo wa baba yangu, kisha akaipandisha tena, na hakuifunga mpaka asikie nyayo zangu nyuma yake.

"Kirangozi hafungi mwito," aliniambia, "mpaka wa nyuma kabisa afike na mzigo wake. Akifunga mapema, anaingia kambini peke yake. Sasa huyo kamwongoza nani?"

Ningependa kusema kwamba niliwahi kumweleza baba hayo yote. Lakini mambo ya Bibi kwa baba hayakupita kirahisi. Wanyamwezi wa umri wao walikuwa na sheria yao: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Akimwona njiani anapisha. Wote wawili walikuwa Wakristo wa kuamka na maombi, lakini sheria hiyo waliishika kuliko amri kumi. Bibi akija kwetu Tabora, anakaa uani nyuma ya ukuta wa matete, baba anakaa barazani, na mimi katikati kama posta.

"Mwambie baba yako mboga zake zimezidi chumvi," Bibi anasema, kwa sauti ya kumfikia mtu wa mtaa wa pili.

Baba amesikia. Lakini anangoja, uso umetulia, mpaka niende nimwambie. Ndipo anajibu, naye kwa sauti hiyo hiyo: "Mwambie bibi yako chumvi ni ya duka la ushirika. Mimi nilitia kidogo."

Mimi Bibi alinitania atakavyo, aliniita mke mwenza, akaniambia nina miguu ya bata. Baba alikuwa hapati hata salamu ya moja kwa moja. Na nakuapia walipendana! Bibi alipougua, baba aliuza baiskeli yake. Alimpelekea dawa Kaliua, akaziacha kizingitini, akakohoa, akaondoka.

Basi nikachumbiwa. Mchumba wangu alikuwa bwana shamba, mtu mpole anayefikiri mara mbili kabla ya kupiga chafya. Kila kitu kilipangwa bila ugomvi, isipokuwa jambo moja ambalo sikutaka hata lijadiliwe: mama yangu hayupo, kwa hiyo anayenishika mkono kuniingiza kanisani ni Bibi. Nilisema mbele ya wazee kwamba sivuki kizingiti cha kanisa bila yeye, hata kama bwana harusi ataota mizizi madhabahuni.

Baba hakubisha. Alikwenda akabadilishana zamu na mwenzake ili Ijumaa, siku ya kuamkia harusi, awe gadi wa treni ileile itakayomchukua Bibi Kaliua. Alitaka yeye mwenyewe ahakikishe mama mkwe wake amepata kiti cha dirishani. Nilimbusu mkono kwa furaha. Wote tulikuwa Wanyamwezi, wote tulijua sheria, na hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Treni ikaingia Kaliua. Bibi alikuwa jukwaani tangu alfajiri, kanga mpya, kikapu, na kuku wa zawadi kwapani. Akainua macho, na nani anashuka behewa la nyuma kwa kofia na vifungo vya kung'aa? Mkwe! Bibi akajitanda kanga mpaka puani, akageuka, akaenda kujibanza nyuma ya ghala la mizigo kungoja apite. Baba naye aliiona kanga ikigeuka, akajua ni nani, akaona haya. Akampa mgongo ili mama mkwe apande kwa amani. Akasimama hivyo, anatazama mataruma ya reli, na Bibi kule nyuma ya ghala anatazama ukuta. Kila mmoja anamngoja mwenzake amalize kuwa na adabu.

Muda ukatimia. Baba hakuweza kwenda kuchungulia mabehewa, angekutana naye uso kwa uso. Akamuuliza mpagazi wa stesheni: "Akina mama wamepanda?"

"Wote, mzee," akajibiwa, na kwa waliokuwa wakionekana ilikuwa kweli.

Bendera, filimbi, treni ikaondoka kwa wakati.

Tabora nilikimbia kutoka behewa hadi behewa, nikiita, mpaka watu wakadhani nimeibiwa. Baba akanifuata. "Mwanangu, bibi yako yuko wapi?"

"Ala! Si wewe uliyekuja naye!"

Nilipiga kelele mle stesheni ambazo sijawahi kuzirudia. Nilimwambia baba maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Yeye alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. Jirani yetu, fundi cherehani aliyenishonea gauni, Mwislamu wa mjini hapo tangu enzi za babu zake, alipopata habari alicheka mpaka akalazimika kutema pini. "Wallahi, jirani," akamwambia baba, "adabu zenu hizi zitamaliza watu."

Kwa simu ya stesheni tukapata habari: Bibi yupo, amekalia kikapu chake, kesho atapandishwa treni ya mizigo, katika behewa la gadi ambaye si mkwe wa mtu. Ingefika mapema. Lakini treni ya mizigo ni mnyonge, kila treni nyingine huipisha njia. Jumamosi tukiwa tunavaa, baba alirudi kutoka stesheni na uso wa majivu. Treni ilizuiwa Usoke muda mrefu. Imeshaachiwa, lakini itafika saa nane, au baada. Na ndoa ilikuwa saa nane.

Baba akamwendea mchungaji kumwomba angoje. Mchungaji alikuwa na ndoa nyingine katika kijiji cha ujamaa, na lori la kumpeleka lilikuwa limeshawasha injini.

"Mwalimu," akamwambia baba, "miaka yote hii unanihubiria kwamba saa nane ni saa nane. Leo nimeokoka." Kisha akamhurumia kidogo. "Nitafanya hivi. Bendi ikiwa inapiga wimbo wa kuingilia, sitaanza. Wimbo ukiisha, naanza, na bibi harusi asiyekuwa ndani nitamwozesha wiki nyingine."

Tukatoka nyumbani kwa maandamano, bendi mbele, mimi nyuma kwenye gauni jeupe, macho yangu yote kwenye barabara ya stesheni. Hakuna mtu. Tukafika mlangoni mwa kanisa, nikasimama chini ya ngazi. Bwana harusi alichungulia kutoka ndani, akaniona nilivyokaza uso, akarudi mahali pake. Mtu mwenye busara.

Bendi ikaanza wimbo wa kuingilia. Beti tatu. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, barabara nyeupe. Nilikuwa nalia wazi wazi, kwa hasira na kwa uchungu pamoja, poda yote imekwenda na maji. Nilijua baba. Ubeti wa tatu ukiisha, umeisha. Haujaandikwa wa nne.

Mstari wa mwisho wa wimbo ule, nota moja kabla ya tamati, kuna jicho. Bendi ikalifikia. Mkono wa baba ukapanda juu. Moja, mbili, tatu, nne.

Mkono haukushuka.

Mzee wa besi akatoa macho. Tano, sita. Tangu bendi ianzishwe hakuna aliyewahi kufika sita. Mashavu yakawa yanatetemeka, mmoja akaanza kulegea, na baba, bila kushusha ule mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto akawagawa: wewe vuta pumzi, wewe beba, sasa wewe beba, wewe vuta. Wakaelewa. Wakapokezana ile sauti bila kuiangusha, ikawa imetanda pale mlangoni, haiendi mbele wala hairudi.

Mchungaji akatazama saa yake, akamtazama baba, akatazama mkono.

Ndipo baba akageuka akanitazama. Sijawahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyefuata kila kilichoandikwa, na kilichoandikwa kikamwacha njiani. Alininyooshea kidevu, kisha akakinyoosha kuelekea tarumbeta yangu, ambayo siku hiyo ilikuwa mikononi mwa kijana wa kuazima.

Weee! Maua nilimtupia msimamizi wangu, shela nikaitupa nyuma, tarumbeta nikaipokonya. Juu ya ile sauti iliyotanda nikapuliza mwito wa Bibi. Nyuma mpooo? Nikauvuta. Nikaupandisha, nikaushusha, nikaukunja, nikatia kila nakshi niliyowahi kusugulia shaba, na masimango ya ukoo wa baba nikayatia yote, akiwa amesimama hapo hapo anayasikia. Waumini wakaanza kutoka nje. Akina mama wakapiga vigelegele, fundi cherehani akapunga kofia yake kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipoishiwa pumzi nilivuta nyingine nikaanza upya. Mkono wa baba juu, haujafungwa.

Na kutoka kwenye kona ya stesheni, juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli inayosukumwa na yule gadi wa treni ya mizigo, maskini, miguu inaning'inia, kuku kwapani, ikaja sauti nyembamba iliyokauka kwa vumbi:

"Tupooo! Twajaaa!"

Baba hakugeuka kutazama, hakuruhusiwa. Alingoja mpaka baiskeli ikasimama, mpaka nyayo zikakanyaga changarawe, mpaka mkono wa Bibi ukaushika wangu. Ndipo akafunga ngumi. Bendi ikaangukia nota ya tamati wote kwa pamoja, na mzee wa besi akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Baba akawapa mgongo ili Bibi apite.

"Mke mwenza," Bibi akaniambia, akinifuta uso kwa ncha ya kanga, "mwambie baba yako kwamba leo ameongoza."

Baba alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu. Nikamwambia. Akatengeneza kola yake.

"Mwambie bibi yako," akasema, "kuku anachafua gauni."

Wiki iliyofuata, mazoezini, nilikuta katika karatasi ya wimbo ule ile 4 imekatwa, na juu yake, kwa kalamu ileile nyekundu, maneno: mpaka wa nyuma afike. Niliperuzi karatasi nyingine zote. Majicho mengine yalibaki na 4 zao. Nilipomtazama baba, akagonga stendi. "Msizoee," akasema.

Bibi aliishi kuwaona wanangu wakubwa na kuwaambia nao wana miguu ya bata. Yeye na baba hawakuwahi kusemezana; mimi na baadaye binti yangu tuliendelea na kazi ya posta mpaka mwisho. Alipofariki, baba aliomba likizo, akaipandisha bendi nzima kwenye treni hadi Kaliua, yeye akiwa abiria, kiti cha dirishani.

Pale kaburini tulipiga wimbo wa maziko. Nao una jicho, na juu yake 4. Baba akapandisha mkono. Manne yakapita. Wazee wangu wale wakatazamana, wakaanza kupokezana pumzi bila kuambiwa. Baba akaninyooshea kidevu. Nikapuliza mwito wa Bibi, mfupi, maana siku hiyo ndio pekee niliouweza, nao ukaenda mpaka porini kule tulikokuwa tukiokota kuni. Nikanyamaza nikingoja. Mjinga mimi, nilikuwa nangoja ajibu.

Baba ndiye aliyekwenda mpaka ukingoni mwa kaburi. Mkono ukiwa bado juu, akainamisha kichwa akamtazama mama mkwe wake, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

"Tupo, mama," akasema. "Twaja."

Kisha akafunga mkono.